Maji ya Kompyuta

Basi letu lilipotoka Masasi kwenda Newala, kijana wa siti ya mbele yangu alikuwa amepakata sanduku la mbao lenye mipira ya maji ndani. Alimwamkia mama aliyekaa pembeni yake. Mama aliitikia marahaba, kisha akauliza ile ni redio gani.

"Ni kasha la kompyuta, mama. Nimelichonga mwenyewe nyumbani. Chumba changu cha bati kinaikaanga mashine, sasa nitaipoza kwa maji. Hii ni rejeta ya hita ya Landrova, ndiyo itakayoyapoza maji."

"Maji?" Mama akalibana kwa miguu dumu alilolijaza Masasi. "Mabinti zetu kule Newala wanashuka bondeni alfajiri na ndoo, wewe unainywesha mashine?"

"Ni lita mbili tu, na nimeshazijaza humu ndani. Yanazunguka, yanarudi palepale. Hayaishi."

"Kamwambie hivyo mkeo akirudi kisimani."

"Mama, unanisema na wala hunijui."

"Sikujui. Maji ndiyo nayajua."

Kijana akageukia dirishani. Mimi nikajifanya nimesinzia, kazi ninayoiweza.

Tulipokuwa katikati ya mlima wa kupandia Newala, basi lilianza kufuka mvuke, likasimama. Kondakta akapita akiuliza nani ana maji, rejeta imekauka.

"Muombe huyu," mama akasema kwa sauti. "Yake hayaishi."

Kijana akalifunika sanduku kwa shati. Mama naye akalisukuma dumu chini ya khanga yake.

Kondakta aliwaangalia wote wawili, akasubiri. Nami nikafumba macho tena.