Seng'enge ya Tarehe Kumi na Tatu

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu leo haivuki kizingiti. Matano, kaa hapo kitandani miguuni pangu. Dhahabu, binti yangu, niinulie mto huu nipate kuona dirishani. Mbwana, usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri feri; ingia ukae na nduguzo. Haya, bismillahi.

Leo ni Ijumaa, tarehe kumi na tatu Agosti, mwaka wa 1999, na mjukuu wangu Mwanarehema binti Matano anatimiza miaka kumi na minne. Mnaijua desturi yangu ya siku hii. Tangu alipoanza kufahamu maneno, kila ikifika tarehe hii nilimkalisha kibarazani pamoja na mwenzake Jael binti Kefa, nikawasimulia mambo yaliyotokea duniani siku kama ya kwao. Niliwaambia kuwa siku hii alizaliwa Fidel Castro wa Kuba, na siku hii, mwaka wa 1960, Jamhuri ya Afrika ya Kati ilijipatia uhuru wake. Nakumbuka Jael aliuliza, "Babu, na huyo Castro hukatiwa keki?" Mwanarehema akamjibu kabla yangu, "Keki ya nini, we! Huyo huwashiwa biri." Niliwakemea, lakini niligeuka kando ili wasinione nikicheka.

Niliwasimulia pia habari ya mji wa Berlin, jinsi watu walivyoamka Jumapili moja, tarehe hii hii, mwaka wa 1961, wakakuta askari wanatandaza seng'enge katikati ya mitaa yao. Ukuta ulikuja baadaye. Mwanzo ilikuwa seng'enge tu. Na watu waliokuwa wakiombana chumvi walikaa miaka ishirini na minane hawavukiani. Wale watoto waliniuliza kwa nini majirani hawakuikata siku ile ile ya kwanza.

Usiangalie chini, Mbwana. Ndiko ninakokwenda, na wewe unajua.

Wanangu, Kefa Gershom alikuja hapa Timbwani kutoka Bara akiwa kijana wa kazi za bandarini, nami nilikuwa karani huko huko. Nilimuuzia kile kiwanja kinachopakana na chetu, akalipa akamaliza, mbele ya Mzee Fondo na mbele ya imamu, na nikamwonyesha mpaka kwa mguu wangu. Usiku mmoja wa mwaka wa 1985, Mastura, mke wa Matano, alishikwa na uchungu nyumba hii, na Margret wa Kefa akashikwa nyumba ile. Mkunga alikuwa mmoja, Bi Mbeyu. Alikwenda na kurudi baina ya nyumba mbili hadi kulipopambazuka, akimtukana kila mwanamume aliyemkuta njiani, na asubuhi tukawa na watoto wawili wa kike. Hapo alipokuwa akipita Bi Mbeyu ndipo ilipo sasa ile seng'enge ninayoiona dirishani.

Nawe, Matano, ulicheza mpira na Kefa. Jumamosi ya tarehe hii hii, mwaka wa 1988, mliposhinda kombe la mtaa, ni Kefa aliyeudaka ule mkwaju wa penalti wa mwisho. Watu wa upande wa pili walikuwa wakimzomea, "Huyo mbara anadaka kama mtu anayepokea mtoto wa wenyewe!" Alipoudaka, ukambeba mabegani mpaka hapa uani. Siku hiyo hakuna aliyeniambia Kefa ni mtu wa Bara.

Kisha ukaja mwaka wa 1997. Jumatano ile tulisherehekea siku ya wasichana hapa hapa, tukaagana jua likizama, na usiku ule ule zikaanza hapa kwetu fujo za Likoni, za kuwafukuza watu wa Bara. Siwasimulii yale mnayoyajua. Gazeti lililonifikia baadaye liliandika kuwa usiku ule mwanariadha wetu, Wilson Boit Kipketer, alivunja rekodi ya dunia ya mbio za kuruka viunzi na maji huko Zurich. Watu wa mbali walisimama wakaipigia makofi Kenya, na huku kwetu Wakenya walikuwa wakikimbia nyumba zao na watoto mgongoni. Nilizisoma habari hizo mbili katika gazeti moja, nikalikunja, na tangu siku hiyo sikumsimulia mtoto yeyote habari za tarehe hii.

Alfajiri yake Kefa alisimama hapa mlangoni, Margret nyuma yake na godoro kichwani. Aliniambia, "Baba, tunakwenda kanisani kwa wenzetu. Mtuchungie pahali petu." Nikamwambia, "Inshallah mtapakuta." Na aliyembeba Jael mgongoni mpaka kanisani, akapita katikati ya vijana wenye mapanga bila kuinamisha kichwa, alikuwa wewe, Mbwana. Nililiona hilo kwa macho yangu, na sitalisahau hata huko ninakokwenda.

Baadaye nyumba yao ilichomwa na watu nisiowajua. Mimi nikaanguka kwa maradhi haya, Dhahabu akanichukua kwake Kisauni, nikakaa huko mpaka juma lililopita niliposema nirudishwe nife kwangu. Nikalazwa hapa, nikatazama dirishani, nikaona seng'enge imezunguka kiwanja cha Kefa, na ndani yake msingi umekwisha chimbwa.

Nilikuuliza, Mbwana, nawe ukaniambia, "Mzee, yule harudi tena. Miaka miwili hii hata nguo hajaja kuanua. Nami nataka kuoa, nitamweka wapi mke?" Ndugu zako wakanyamaza. Matano, kunyamaza kwako kulinichoma kuliko maneno yake.

Basi huu ndio wosia wangu. Nyumba hii na minazi ya nyuma ni mali yangu, na baada yangu Kadhi ataigawa kwa sheria, kila mtu na fungu lake, Dhahabu naye asipunjwe hata nazi moja. Lakini kiwanja cha Kefa si changu, kwa hivyo hakimo. Kadhi asitajiwe, wala msikipime. Mtu akifukuzwa kwake, mahali pake hapawi pa jirani aliyebaki.

Mbwana, shida yako ni ya kweli, nami sikukuita nikufedheheshe. Chumba hiki nilicholala kina ukuta wake na mlango wake wa nje. Tangu leo ni chako, nakupa nikiwa hai na nduguzo wanasikia. Mnaridhia? Matano? ... Dhahabu? ... Alhamdulillahi. Kipake chokaa, umlete mkeo. Mimi hakitanifaa siku nyingi.

Usinijibu. Maji, Dhahabu. Kidogo tu.

Nikifa nizikwe siku hiyo hiyo, karibu na mama yenu, na kaburi lisijengewe. Khitima iwe ya kawaida, msikope kwa ajili ya kupika. Matano, wewe ni mkubwa. Siku ukiona jambo baya uani mwako, sema, hata kama aliyelitenda ni ndugu yako unayempenda. Mpendane. Mwenyezi Mungu awape afya, awape watoto wema na majirani wema, na anipokee nikiwa sina amana ya mtu mkononi.

Sasa jambo la mwisho. Mwanarehema amewaalika wenziwe kwa siku yake, nami nilimpa ruhusa. Kefa, Margret na Jael wametoka Changamwe, na watavuka kwa feri baada ya alasiri. Sitaki waikute seng'enge ile. Mtoto yule alizaliwa pale. Asije akashikwa nguo na waya mlangoni kwao. Mbwana, koleo liko chini ya kitanda. Chukua ukaikate wewe, kwa mkono wako ule uliombeba. Matano, mfuate, ung'oe nguzo. Nendeni. Niacheni hapa nitazame.

Dhahabu... niinue tena. Hapo.

Naam. Naona... naona ya kwanza imelala. Ya pili... Afadhali pole pole, mwanangu, isikukate. Mungu akuzidishie. Mungu awazidishie nyote...

Endelea, Mbwana. Bado... bado ile nguzo ya pembeni.