Mtungi Unaofuka Garini

Mama aliyempakata mwanawe kwenye basi alimgeukia mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. "Kaka, mbona mtungi wako unafuka moshi?"

"Ni naitrojeni, dada, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Inanitunzia mbegu za fahali."

"Uzibe basi."

"Nikiuziba utapasuka. Ina baridi kiasi kwamba joto la humu linaichemsha."

"Basi tufungue madirisha, moshi wako unatumalizia hewa."

"Tule vumbi? Hewa ni hewa, dada," alisema kwa upole wa kumfundisha mbumbumbu.

Mtoto alikuwa anapiga miayo, shingo imemlegea. Mama akasukuma kioo cha upande wake. "Wewe vuta hewa yako. Mwanangu atavuta vumbi."

Gari liliposimama, mtoto alikuwa analilia uji kwa sauti ya kuchosha. Mtaalamu alikuwa ameuinamia mtungi wake, shingo imemlegea, kondakta akimtikisa bega: "Kaka, umefika. Kaka!"