Kapita Tharcisse Tshibangu, Aliyetoka wa Mwisho

Wasifu wa marehemu, unasomwa na shemeji yake, Kabemba Mukalay, makaburini Kolwezi, 11 Mei 1993

Marehemu Tata Tharcisse Tshibangu alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 hapa hapa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Baba yake, Tata Ngeleka, aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana ili achimbe shaba. Basi Kasai yenyewe marehemu aliisikia kwa masimulizi tu. Mguu wake haukuikanyaga hata siku moja.

Alisoma shule ya misheni, kisha miaka miwili katika seminari ndogo. Huko padri mmoja aliwafundisha kwamba neno kapita, ambalo kila mtoto wa kambini alilijua na kuliogopa, shina lake ni Kilatini, caput, yaani kichwa. Wareno wakalifanya jina la mkuu wa meli na wa askari, wafanyabiashara wakalileta bara, na huku kwetu likawa msimamizi wa wafanyakazi. Likizoni Tharcisse alikimbilia kumweleza baba yake. Tata Ngeleka, ambaye mgongo wake ulikuwa bado na alama za makapita wa zamani, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kichwa?" akasema. "Mi nilijuaka mukono yake tu."

Marehemu alipenda sana kisa hicho, na kila mara alianza kucheka kabla hajakimaliza.

Kifua cha baba kilipoharibika, Tharcisse aliacha masomo, akaingia mgodini mwaka 1959. Mwaka 1968 akafanywa kapita yeye mwenyewe. Fimbo aliyoshika ilikuwa ile ya chuma tu, ya kugongea dari ya mwamba na kusikiliza kama itashika. Asubuhi aliingia wa kwanza, akagonga. Zamu ikiisha alisimama penye njia ya kutokea, akaita, "Nani angali ndani?" Hakupanda juu mpaka ajibiwe kwamba wote wametoka. Miaka ikapita, neno likageuka tena: kwa vijana wa zamu yake, kapita alikuwa mtu anayetoka wa mwisho.

Alipokuja kwetu kumposa dada yangu Elise, baba yetu, Mluba wa Katanga mwenye kichwa kigumu, aligoma. "Kapita? Mutoto yangu hataolewa na fimbo!" Wachimbaji wake wakaja wenyewe na kuku mkononi, wakamweleza baba yetu huyu ni kapita wa namna gani. Ndoa ilifungwa hapa mjini, Manika, tarehe 12 Julai 1969, na Mungu akawajalia Josée na Odile. Mzee wetu alikuwa wa kwanza kucheza siku ya harusi.

Mwezi wa Machi mwaka huu, watu waliokuwa wakila mezani pake walimtoa katika nyumba yake wakisema ni wa Kasai, si wa hapa. Walikuwa watu wa kwetu, na mimi ninaona aibu. Familia ililala katika hangari, banda la mizigo la stesheni, pamoja na wengine wengi, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Surua ilichukua watoto, maji yalikuwa machafu, mvua iliingia. Watu wa hangari walimchagua kuwa kapita wao, agawe maji na kupanga zamu za kupanda treni.

Treni ilikuja tarehe 24 Aprili. Aliwapandisha Elise na mabinti, kisha akashuka. Dada yangu alipiga kelele dirishani: "Tharcisse, hapa haiko mu mugodi! Panda!"

"Batu bangali ndani," akamjibu, akionyesha hangari. "Enda na batoto. Mi nitakuya na ile yenye kufwata."

Nilimshika shati, nikamsihi, nikamtukana. Alikuwa mkaidi kama punda, Mungu amrehemu. Treni ikaondoka, na hadi leo hakuna nyingine iliyokuja.

Kuhara kulimshika siku chache baadaye. Serumu, maji ya kutundikiwa mshipani, hatukuipata popote. Jumapili, tarehe 9 Mei, macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ndani, lakini roho ilikataa kutoka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nani angali ndani?"

Hangari ilikuwa imejaa watu hadi mlangoni. Mama mmoja aliyekuwa amelala karibu naye, mgonjwa pia, ndiye aliyejibu: "Bote banaisha kutoka, kapita. Unabakia weye tu."

Akashusha pumzi, akaenda.

Tunamzika kando ya baba yake, katika udongo huu waliomwambia si wake. Ameacha mabinti wawili, Josée na Odile, mashemeji, watu wote wa hangari, ambao bado wanangoja, na mjane wake, Elise, ambaye hajui kwamba ni mjane. Hatuna njia ya kumpa habari. Kama amefika Mwene-Ditu, kule Kasai, basi leo yuko stesheni, anamngojea kwenye treni inayofuata.

Kapita, umetoka. Pumzika sasa kwa amani.