Joviana Kokushubila, Opereta wa Waya Sita

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu Joviana Kokushubila alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 kijijini Izimbya, Bukoba, mtoto wa pili wa mzee Ishengoma, akasoma shule ya misheni kuanzia 1949 hadi 1956, ambako Kiswahili alifundishwa kwa kiboko na hesabu akajifundisha mwenyewe.

Mwaka 1963, nchi ikiwa huru na ikitafuta watu wa kukalia viti, aliajiriwa opereta katika kituo kidogo cha simu wilayani Muleba, chenye waya sita, maana yake wakizungumza watu sita, wa saba anasubiri. Tarehe 8 Januari 1966 alifunga ndoa na Bwana Datius Kagaruki, seremala, wakajaliwa watoto wanne.

Tarehe 19 Agosti 1974, wakati wa kuhamia vijijini, ilitoka amri kwamba kila mwenyekiti wa kijiji apige simu wilayani kabla ya saa sita mchana kutaja kaya zilizohamia, na aliyeiandika hakujua kwamba kwetu hakuna anayetaja kaya kabla hajauliza habari za nyumbani, ng'ombe, migomba na bibi mgonjwa. Waya zote zikajaa. Saa nne lori likafika ghala la kahawa na kibali cha kuchukua mzigo, mtunza ghala akapiga simu kukihakiki, kama kanuni ilivyotaka, akakuta zimejaa, akapiga tena, bado, akachoka, akafungua, magunia arobaini yakaondoka kwa kibali cha kughushi.

Kamati ya wilaya ikamwita Joviana, mjamzito wa mtoto wa nne, ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa kuacha simu zijae. Alikuja na kadi zake, maana kila simu aliiandikia kadi, akaonyesha kwamba waya mbili zilishikwa tangu saa tatu na wenyeviti wa vijiji visivyokuwepo, wakipiga kutoka maduka mawili ya Kashai, mjini Bukoba, yanayotazamana. Alipoulizwa kosa basi ni la nani, alijibu: "Mzee, simu kujaa si kibali. Zikijaa, ghala libaki limefungwa."

Polisi walikuta magunia thelathini na nane Kashai, naye akapewa onyo na pongezi katika bahasha moja. Tangu hapo waya mmoja aliuacha wazi kwa ajili ya ghala na hospitali, na mkubwa mmoja alipofoka akiuliza kama anajua anaongea na nani, alimjibu kwa adabu kwamba anajua, ndiyo maana amemwandika wa tatu kwenye foleni.

Alianza kuugua figo Novemba 1983, akalazwa Bukoba, akafariki tarehe 6 Machi 1984, akiacha mume na watoto wanne, wa mwisho akiwa darasa la pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake, waliofunga kituo saa mbili nzima ili waje kumzika, jambo ambalo yeye asingelikubali. Mama, kwa leo tuwie radhi, na upumzike kwa amani.