Mtwapa Wamenyamaza

Baraza letu liko Muyeye, mbele ya duka la rangi la kina Nimesh, na wakaaji wake ni wale wale. Mzee Ziro tunamwita Wakili. Sheria hajaisomea hata siku moja, ila hakuna posa huko Ganda iliyopita bila yeye kuwa msemaji. Nimesh mwenye duka ni Hisabati. Mramba wa tuktuk ni Redio, na sababu utaisikia. Majuzi tulikwenda Mtwapa sote kumsemea Dena, mbeba chumvi wa Marereni na bondia wetu wa uzito wa juu, aliyepokonywa mkanda wa pwani na Kiponda kwa pointi. Dena anataka marudiano. Mwenye kuandaa ni Mama Waruguru, mwenye baa kule. Alitulisha biriani, akasema pesa za viingilio tugawane nusu kwa nusu, na pambano lifanyike hapa Malindi. Ndicho hasa tulichokifuata. Wakili akafuta mdomo, akasema, "Mama, tumesikia. Lakini hilo halitoshi." Tukarudi tukijipongeza. Tangu hapo Mtwapa kimya.

Mimi: Wakili, hawa watajibu lini?

Wakili: Tulia. Posa haikubaliwi siku ya kwanza. Ukikubali siku hiyo hiyo, wataona una njaa.

Hisabati: Na zile sahani mbili za biriani hawakuziona?

Wakili: Ile ilikuwa heshima.

Hisabati: Yakhe, mimi nauza rangi. Mteja akinipa bei ninayoitaka, napokea.

Wakili: Ndiyo maana umeachiwa duka, hujaachiwa posa.

Redio: Mimi najua kwa nini wamenyamaza. Kiponda ameng'oka meno. Jana nimembeba abiria katoka Mtwapa, asema bondia anakunywa uji tu.

Hisabati: Huyo abiria alimwona Kiponda?

Redio: Alimwona muuza uji.

Hisabati: Wanatafuta mpinzani wa bei rahisi, basi.

Wakili: Nyote hamjui. Waruguru anamngoja mwana wa mfalme kutoka Arabuni aje alinunue pambano zima.

Redio: Hata mimi nilisikia. Litapiganwa ndani ya meli.

Wakili: Meli itayumba. Ni Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Yatatandikwa mazulia kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mimi: Mazulia juu ya chumvi?

Wakili: Wale hawafui. Wananunua mengine. Sasa unaona kwa nini nikasema nusu haitoshi?

Tulikuwa tunawapangia wageni wa Arabuni mahali pa kulala alipotokea Linet, mkewe Dena, simu mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

Linet: Shikamooni, wazee.

Tukaitikia marahaba.

Linet: Dena ameondoka alfajiri, glavu kaziacha msumarini. Hajapata kuziacha. Asema Mtwapa wamemkataa.

Wakili: Hawajamkataa, mwanangu. Sisi ndio tuliokataa. Sasa upande wa mume urudi mara ya pili, ndipo tukubali.

Linet: Na upande wa mume ni upi?

Wakili akanyoosha kidole kuelekea Mtwapa.

Linet: Aliyepokonywa mkanda ni Dena. Anayetaka kurudiana ni Dena. Kiponda amekaa kwao na mkanda wake kiunoni. Yeye arudi kuposa nini?

Hisabati alianza kucheka, akamtazama Linet, akaacha. Redio akajitia kukagua gurudumu la tuktuk. Siku zote hizo tumekaa kwa maringo kama wazazi wa bibi harusi, kumbe wenye kuposa ni sisi. Nilimwonea Dena huruma sana, na sisi nikatuonea haya.

Linet akaiweka simu juu ya benchi.

Linet: Mama Waruguru huyo, yuko hewani.

Waruguru: Wazee, mimi nilijua hamtaki. Niko na bondia mwingine hapa, kijana wa Tanga, ameshika kalamu. Niambieni tu, mnataka hii mechi ama hamtaki?

Tukamtazama Wakili. Jibu alikuwa nalo, kama sisi sote. Akakohoa, akarekebisha kikoi.

Wakili: Mama, kwanza hujambo? Na watoto hawajambo? Huko kwenu mvua—

Linet akaichukua simu.

Linet: Tunataka. Vile vile ulivyosema siku ile.

Waruguru: Sawa. Dena akuje kesho asaini.

Simu ikakatika. Linet akajifuta uso kwa pindo la leso, akampigia mumewe pale pale. "Rudi uchukue glavu zako," akasema. Hakutushukuru, na mimi pia nisingetushukuru. Muuza kahawa wa pale barazani akammiminia kikombe cha mwisho, dele likabaki tupu. Akanywa wima, akaenda zake.

Wakili alingoja mpaka amekata kona.

Wakili: Amekubali siku hiyo hiyo. Wataona tuna njaa.