Alama Moja ya Bi Mbona

Mheshimiwa Mkurugenzi, Meneja wetu wa kiwanda, viongozi wa chama cha wafanyakazi, mafundi, wafuaji na wapiga pasi, mke wangu uliyeketi hapo mbele ukinikonyeza nisirefushe, na ninyi nyote ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Mniwie radhi nikisoma kwenye karatasi. Nimesimama mbele ya boila la kiwanda hiki cha kufulia miaka thelathini na mmoja bila kuhitaji karatasi. Leo nimesimama mbele ya kipaza sauti na kikombe kinachong'aa, na bila karatasi siwezi. Kikombe hiki, kama alivyosema Mkurugenzi, ni cha idara iliyoongoza katika tathmini ya ushirikiano kazini, na idara hiyo ni yetu ya boila. Fomu zinasema tunasaidiana, fomu zinasema tunaheshimiana, fomu zinasema kwa miaka miwili hakuna aliyemlalamikia mwenzake. Nani asingependa kustaafu leo na sifa kama hizo?

Nilikuwa nimeandika shukrani kurasa mbili. Lakini tangu niketi pale nakitazama kiti kile kitupu, na shukrani zote zimenitoka kichwani.

Kiti kile ni cha Bi Mbona. Wageni hamumjui. Ni fundi mwenzetu, mama wa watoto wawili, na jina hilo tulimpa kwa sababu hafungui mdomo bila kuanza na mbona. Mbona geji inasoma hivi, mbona ndoo iko njiani, mzee mbona hujala. Sisi sote tuko hapa, yeye yuko kwenye boila peke yake, maana shuka za hospitali hazisubiri sherehe. Kwa nini tulimwachia yeye zamu ya leo? Kwa sababu ndiye aliyepata alama ya chini kabisa ya ushirikiano, moja kati ya tano. Aliyempa alama hiyo ni mimi.

Fundi bomba, wewe uliye karibu na mlango, toka sasa hivi, kimbia, ukamwambie azime moto wa boila aondoke pale. Ndiyo, sasa hivi. Soda yako utaikuta. Samahani, Mkurugenzi, mpaka saa kumi mimi bado ni msimamizi.

Boila lina vali ya usalama. Mvuke ukizidi, vali inafunguka yenyewe, mvuke unatoka, watu wanarudi kwao wazima. Yetu inakwama. Mwaka wa pili huu inakwama, na aliye zamu huigonga kwa nyundo kila nusu saa, ikapumua, akarudi kukaa. Sote tunajua. Hakuna aliyeandika kwenye daftari la zamu, kwa sababu ukiandika utaonekana unawachongea wenzako wa zamu iliyopita, na sisi bwana tunapendana. Tumefichiana aibu vizuri mpaka tumepewa kikombe.

Bi Mbona aliandika, tena wiki yake ya kwanza. Ukurasa wenyewe huu hapa. Niliuchana mimi, nikautia kwenye pochi, na sijui kwa nini sikuutupa. "Vali ya usalama inakwama. Mbona haibadilishwi?" Nilimwita pembeni nikamwambia, "Dada, hapa tunaishi kama ndugu. Unataka kutuharibia?" Akanitazama, akasema, "Mzee, sasa mbona ndugu hawaambiani?"

Nilimwacha pale, nikarudi ofisini. Fomu ya tathmini ilikuwa mezani, nikaijaza.

Mkurugenzi, fomu yako ilituuliza kama tunaelewana, na tulijibu kweli, tunaelewana sana. Ingetuuliza je, ni nani kati yetu anaweza kumwambia mwenzake hapa umekosea, halafu kesho yake wakanywa chai meza moja? Ingetuuliza ni lini mara ya mwisho tulibishana kwa ajili ya kazi? Tungebaki tumeuma kalamu. Yule mmoja aliyeweza, tulimnunia mwaka mzima, tukamwamuru agonge kama tunavyogonga, naye akagonga kwa sababu ana watoto wa kulea.

Kikombe hiki nakirudisha mezani. Wenzangu mmeinamisha vichwa, nawaona, wala siwalaumu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wenu. Niliingia humu nikiogopa mtakavyonitazama. Sasa hilo silijali tena. Ninachoogopa ni kwamba saa nane na nusu imepita, fundi bomba hajarudi, na sijui kama vali imegongwa.

Nyamazeni kidogo, tafadhali.

Mnasikia? Mashine zimesimama. Mungu wangu, zimesimama, basi moto umezimwa.

Sasa naweza kumaliza. Kurasa mbili za shukrani nazikunja, lakini shukrani zenyewe mzipokee: mke wangu, uliyenivumilia na masizi yangu, wafanyakazi wenzangu, na ninyi wageni, mliokuja kwenye soda mkakutana na haya, nawashukuru sana kwa masikio yenu.

Na huyo anaingia, ovaroli limelowa jasho. Pita, dada, kiti chako kile pale. Naona mdomo umeshafunguka. Kabla hujauliza mbona, leo niache nijibu.