Marehemu Vénérand Ndikuriyo, Kocha Aliyeitwa Mchawi

Marehemu Vénérand Ndikuriyo hakumloga mtu yeyote. Familia imeona iliseme hilo kwanza, kabla ya tarehe na mahali alipozaliwa, kwa sababu wengi mliokuja leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, mmekuja mkiwa mmeshasikia kinyume chake, na baadhi yenu ndio mliosema. Hilo likishaeleweka, tunaweza kuendelea kwa utaratibu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika mtaa wa Nyakabiga, jijini Bujumbura, nchini Burundi, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Onesphore, fundi wa baiskeli, na Mama Rhoda, aliyeuza ndagala, ndio dagaa, sokoni. Kaka zake wote walikuwa warefu. Yeye aliishia mita moja na sentimita sitini na nne, na kila alipoulizwa mtu wa kimo kile anafanya nini kwenye mpira wa kikapu, alijibu kwamba yeye ndiye pekee anayeona magoti ya watu bila kuinama.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na kumaliza sekondari mwaka 1986. Mpira wa kikapu aliupenda tangu darasa la nne, ila wenyewe haukumpenda. Mwalimu wa michezo alimweka pembeni ahesabu pointi. Alizihesabu siku moja, zikamchosha, akaanza kuhesabu mambo mengine: nani anarudi mbio kuzuia baada ya kupoteza mpira, nani anawafokea wenzake, nani akiruka anatua vibaya. Mwisho wa muhula alimpelekea mwalimu daftari lake na kumwambia kwamba kijana mmoja wa benchi ndiye angestahili kuanza. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi. Mwezi uliofuata, mchezaji wake alipougua, akamjaribu yule wa benchi. Yule wa benchi akamaliza mwaka akiwa nahodha, na mwalimu hakucheka tena.

Alisomea ualimu wa michezo na kufundisha Bujumbura kuanzia mwaka 1988 hadi vita vilipomtoa. Mwaka 1996 alivuka kuingia Tanzania na kuishi kambini mkoani Kigoma, na huko, tarehe 18 Julai 1998, chini ya turubai la kanisa, alimwoa Libérate. Bwana harusi alichelewa saa nzima kwa sababu alisimama njiani kuangalia vijana wakicheza kwa pete ya ndoo iliyotobolewa. Libérate alimwambia mbele ya wazee wote kwamba safari nyingine atakuta bibi harusi ameolewa na mwingine. Walijaliwa watoto wawili, Anaïs na Bonheur.

Walifika Durban, Afrika Kusini, mwezi Mei 2002. Vénérand alilinda magari ya watu South Beach kwa miaka minne, kisha akapata kazi kwenye ghala moja la Clairwood, akashusha na kupakia mizigo mpaka mwaka huu. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye karatasi zake. Kazi aliyoiishi ilikuwa ya Jumamosi. Tangu mwaka 2009 alifundisha watoto kwenye kiwanja cha lami kule Sydenham, kiwanja chenye pete mbili zisizo na wavu, na watoto wenu, wa Burundi na wa Kongo, na Wazulu wa jirani, walipita mikononi mwake bila kuulizwa baba yao anasali wapi.

Baada ya miaka michache klabu zikaanza kumtafuta azipimie vijana. Zilimtumia video kwenye simu, naye hakuzifungua. Alikuwa na kanuni moja: hakuandika neno juu ya mchezaji kabla hajamwona kwa macho yake akishindwa mara tatu. Alisema mtu akishinda anafanana na wengine wote walioshinda, lakini akishindwa ndipo unamwona mwenyewe. Kwa hiyo alipanda taksi kwenda kuona mechi ambazo kila mtu alijua zimeshapotea, akarudi nyumbani ameridhika, na Libérate akamuuliza ni mtu gani huyu anayefurahia vijana wa watu wakipigwa.

Sasa tunafika kwa Prodige, ambaye ndiye sababu ya minong'ono yote.

Prodige aliletwa kiwanjani na baba yake, Papa Doudou mwenye duka la simu, akiwa na miaka kumi na mmoja. Vénérand alimwona akishindwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitatu: alilia. Mara ya pili alikuwa na kumi na sita, Pietermaritzburg, walipopigwa pointi thelathini. Safari hii hakulia. Ndani ya gari alichukua chupa ya maji akawapitishia wenzake wote kabla ya kunywa yeye, kisha akamuuliza kocha ile pasi ya robo ya tatu aliitoa mapema au kwa kuchelewa. Vénérand aliyaandika hayo na kuyapigia mstari. Mara ya tatu ilikuwa Agosti 2023. Baada ya mechi alimkuta Prodige amekaa peke yake kwenye ngazi, amefunga goti la kushoto kwa fulana iliyolowa. Goti lilikuwa linamuuma tangu Juni.

"Coach, usimwambie papa," Prodige alisema. "Drafti iko mwezi ujao. Wakijua, hawatanitaka."

Drafti ni ile siku timu za ligi zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Vénérand alimwahidi kwamba hatasema kamwe kuwa ni yeye mwenyewe aliyemwambia. Hapo alikosea, na familia haitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: ahadi ile hakupaswa kuitoa. Libérate alipoijua alimwambia hivyo, na kwa siku tatu hakumpa neno zaidi ya chakula kiko mezani.

Mwezi Septemba Prodige alichaguliwa na timu moja ya Johannesburg, na timu ikamwomba Vénérand tathmini. Aliandika ukurasa mmoja. Tumeutafsiri hapa ili kila mmoja ausome kwa macho yake:

"Mchezaji huyu anaiona pasi kabla wenzake hawajaanza kukimbia. Kwa miaka kumi na minne sijamwona mwingine wa namna hii. Akitua, goti la kushoto linaangukia ndani. Lipigwe picha kabla hajacheza. Msimchezeshe zaidi ya dakika kumi kwa mechi mpaka Juni. Hayuko tayari mwaka huu. Akitunzwa miaka miwili, hamtahitaji kutafuta mwingine."

Katika ukurasa mzima mliokota maneno manne: hayuko tayari mwaka huu. Mengine mkayaacha yalale.

Jumapili tarehe 8 Oktoba 2023 kanisa letu lilifanya ibada ya shukrani. Mchungaji Japhet aliwataka watu wote wasimame na kutamka kwa sauti kwamba Prodige ataanza kucheza mwaka huu huu na kuwa mchezaji bora wa ligi. Kanisa zima lilisimama na kutamka. Vénérand, shemasi wa safu ya kwanza, alibaki amekaa. Alimwambia mkewe baadaye kwamba angesimama kumshukuru Mungu mpaka miguu ivimbe, lakini asingetamka kitu alichojua kitamvunja kijana. Nje ya mlango Papa Doudou alimfuata.

"Papa Véné, unatufanyia nini? Kanisa yote imesimama, ni wewe peke yako unabakia kwa kiti! Iko shida gani na mutoto yangu?"

"Hakuna shida, Papa Prodige. Ni goti tu. Wamupatie mwaka moja, wamupime, utaona."

"Eish! Sema ukweli. Wako Bonheur hakufika, ndiyo maana unafunga nyota ya wangu."

"Bonheur iko mufupi kama mimi," Vénérand alimjibu. "Hiyo si nyota, ni mifupa."

Watu wawili watatu walicheka. Papa Doudou hakucheka, na kuanzia siku hiyo neno la kufunga nyota likatembea kutoka mdomo hadi mdomo, saluni kwa saluni.

Timu ilimpanga Prodige dakika thelathini na zaidi kila mechi. Ukumbi ulijaa, watu wakapiga picha. Jumamosi tarehe 2 Desemba 2023, katika mechi ya saba, aliruka kuchukua mpira, akatua, na goti la kushoto likakatika kano. Mtu mwenye akili angesema kocha alionya. Ninyi mkasema kocha amefanya. Jumapili iliyofuata Mchungaji Japhet alihubiri juu ya ulimi unaoua, hakutaja jina, na kanisa zima likageuka kuangalia safu ya kwanza. Mwezi Januari Vénérand aliondolewa ushemasi. Watoto waliokuwa ishirini na sita kiwanjani wakabaki watano. Wateja aliowasuka Libérate kwa miaka kumi wakahamia saluni nyingine. Tulikuwa tukiwaona wenzetu wakisimama kwenye robot, taa za barabarani, na taa zikiyaruhusu magari wao wanavuka vivyo hivyo, afadhali wagongwe kuliko wamsalimie mzee anayetoka kazini.

Nyumbani Libérate alimsihi.

"Sema tu," alimwambia. "Sema mutoto mwenyewe alikuambia goti inamuuma. Neno moja, tunapona."

"Nilimwahidi."

"Na mimi uliniahidi nini kule Kigoma?"

Libérate anasema hasira ile bado anayo, na kwamba atakwenda kumuuliza tena watakapokutana. Tunaiandika kwa sababu ameagiza iandikwe.

Mwezi Februari 2025 Vénérand alianza kukonda na kulalamika mgongo. Tarehe 11 Machi madaktari walimwambia ni saratani ya kongosho. Alilazwa mara tatu. Wagonjwa wa kitanda cha jirani walitembelewa na makanisa yao, wakaimbiwa, wakaletewa maua. Kutoka kanisa alilolitumikia miaka ishirini hakuja hata mmoja. Mchungaji Japhet alituma ujumbe wa simu wenye mikono miwili iliyokunjwa, bila neno.

Aliyekuja ni Prodige. Alikuja Jumatano tarehe 23 Julai, mchana, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameikuta kwenye droo ya duka la baba yake. Ilikuwa nakala ya tathmini ambayo timu ilimpelekea kama mzazi, ile ile mliyoisikia hapo juu, na chini yake sahihi ya Papa Doudou ya tarehe 2 Oktoba 2023, kwamba ameisoma na anakubali mwanawe acheze. Siku sita baadaye alisimama mlango wa kanisa kumuuliza Vénérand iko shida gani. Alikuwa anajua kuhusu goti. Alijua, akasaini, na mambo yalipoharibika akatafuta mtu wa kumtwisha.

Prodige alipiga magoti kando ya kitanda akalia kwa sauti. Alisema miaka miwili alikuwa anamsikia kocha wake akiitwa mchawi mezani kwao, na alikaa kimya kama maji ya mtungi, kwa kumwogopa baba na kwa aibu. Libérate alikuwepo. Alitaka kumpiga, na hafichi. Vénérand alimshika mkono mkewe.

"Simama," alimwambia kijana. "Tembea mpaka dirishani, urudi."

Prodige alitembea. Vénérand alijiinua kwenye mto akamwangalia kwenda na kurudi, kisha akamtaka aruke kidogo, atue.

"Inaangukia ndani bado, kidogo tu. Fanya mazoezi ya paja kila siku, usidanganye. Mwakani utacheza."

"Coach, nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa enda uwaambie."

Vénérand alifariki Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Siku ya pili Mchungaji Japhet alikuja nyumbani kujitolea kuongoza mazishi, akaomba aone wasifu kabla haujachapwa, kama ilivyo desturi. Aliusoma amesimama. Alisema sehemu ya Prodige itolewe yote.

"Maman, kwa mazishi tunasemaka mazuri tu," alisema.

"Hii ndiyo muzuri yake," Libérate alimjibu. "Ile mubaya ni yenu."

Ndiyo maana leo tunaongozwa na mchungaji mwingine. Prodige naye ameusoma wasifu huu, na amesema pasibadilishwe hata nukta.

Vénérand ameacha mjane, Libérate, watoto wawili, Anaïs na Bonheur, mjukuu mmoja, mdogo wake Marcelline, anayewasomea maneno haya, na watoto watano wa Sydenham ambao wazazi wao hawakuwaondoa. Ameacha pia Prodige, aliyeomba jina lake liwekwe kati ya wafiwa, na familia, baada ya kubishana sana, imekubali.

Sasa tunakwenda kaburini, ambako kila mtu hutia udongo kwa mkono wake. Yeyote aliyemwita Vénérand mchawi, kwa sauti au kwa kunong'ona, kanisani, saluni au kwenye simu, asiuguse udongo huu kabla hajapita kwa Libérate na kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alisema, na kwamba ulikuwa uongo. Papa Doudou, kama uko hapa, wewe utakuwa wa kwanza. Libérate amesimama upande wa kichwa cha jeneza, amevaa kitenge cha zambarau. Wachimbaji tumeshawaambia wangoje, hata kama itachukua mchana kutwa.

Mungu ampe Vénérand amani mliyomnyima.